Kikombe cha Mama Aber

Sisi tuliookoka tuna tabia moja ambayo nimeipenda na kuichukia miaka yote: hatujui kunyamaza. Mtu akipona homa, anasimama kushuhudia. Akipatana na mkewe, anasimama. Akiota ndoto mbaya kwa sababu alilala ameshiba maharage, anasimama pia, na sisi tunampigia makofi. Kwa hiyo Aber aliponipigia simu wiki iliyopita, akaniambia mama yake amefariki kwa presha na kwamba kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kitgum kutakuwa na maombi nyumbani Kansanga, nilijua atakachosema hata kabla hajakisema. "Aunti Betty, tumekuweka kwa ushuhuda. Mama alikuwa nakutaja sana." Nikasema kale, yaani sawa, nitakuja. Halafu nikabaki kwenye kigoda changu jikoni, ungo wa mchele mapajani, na sikuweza kuchambua hata punje moja zaidi. Kuhusu Mama Aber nina ushuhuda mmoja tu wa kweli, na nimeukwepa tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwake, katika kambi moja ya polisi upande wa Makindye. Nilifikaje pale ni hadithi ya ukoo, na hadithi za ukoo ni ndefu na hazishibishi. Inatosha kusema hakuwa ndugu yangu wa damu, na alinipokea. Nyumba yenyewe ilikuwa unipoti, yaani kibanda cha mviringo cha bati tupu, kuta bati na paa bati, kilichokusudiwa askari mmoja asiye na mke. Sisi tulikuwa watu wanne, na watano Baba Aber akija likizo kutoka Karamoja alikopangiwa kazi. Pazia la maua mekundu lilikata chumba katikati. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda cha Mama Aber na masanduku. Upande wa mlangoni tulilala mimi, Aber aliyekuwa na miaka minane, na mdogo wake wa kiume ambaye alikuwa akitupiga mateke mpaka asubuhi. Mchana bati lilichemka hata ukilishika unaondoa mkono. Mvua ikinyesha, tulizungumza kwa ishara. Pazia lile halikuzuia sauti hata kidogo, na mengi niliyojua mwaka ule niliyajua kwa sababu yake.

Mama Aber alipika katogo. Alfajiri alikuwa ameshamenya ndizi na kuosha matumbo ya ng'ombe, na saa moja askari wa zamu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi yake mawili karibu na geti, wakila katogo na kunywa chai yenye tangawizi nyingi mno. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliitii bila kujua kwa nini. Vikombe vyake vilikuwa vya bati, kumi na viwili, vyote vyeupe isipokuwa kimoja cha bluu kilichobanduka rangi mdomoni. Vilizunguka: akimaliza huyu, vinachovywa kwenye beseni la maji ya moto, anapewa yule. Inspekta na askari mpya walinywea vikombe vilevile, na Mama Aber alijivunia jambo hilo kuliko mapishi yenyewe. "Hapa kwangu hakuna cheo," alikuwa akisema. "Cheo bakisha kule kwa bendera."

Alhamisi saa kumi na moja jioni vikombe vile vilihamia kwenye ushirika wetu wa maombi. Tulikutana katika banda lililokuwa stoo ya mabuti zamani, na lilikuwa bado likinuka ngozi na rangi nyeusi. Tuliabudu kwa Kiswahili, kwa kuwa mle kambini kulikuwa na Waacholi, Wateso, Walugbara, Waganda, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri na ya kugombana bombani, basi tukakifanya na cha kuombea. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Yokana, sajini mstaafu, mtu wa haki kabisa, nasema hivi bila kejeli. Alihubiri akiwa amesimama miguu pamoja kama kwenye gwaride. "Ibada siyo nyimbo," alikuwa akituambia. "Nyimbo hata redio naimba. Ibada ni wewe kutoa wewe. Yote. Mungu hapana kula sahani ya nusu." Mbele yake kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe na hakuna kitu juu yake. Anayeshuhudia aliweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa kile, akasema yake, na akimaliza Mzee Yokana alimwuliza, "Kuna kitu imebaki?" Kama hakuna, alijibu hakuna, akageuza viganja juu ili sote tuone ni vitupu, na sisi tukaimba, tukamkumbatia mmoja mmoja. Halafu Mama Aber akagawa chai.

Nilipenda meza ile mpaka nikawa mgonjwa wa kuipenda. Leo naweza kucheka, lakini nisiwe mwongo: kulikuwa na kitu cha kweli pale. Niliwahi kumwona koplo mmoja, jitu la watu, akiweka viganja mezani na kusema amekuwa akimpiga mke wake, na mke mwenyewe yuko benchi la pili, na mwanamume yule akalia mpaka kitambaa kikalowa. Siku hiyo nilihisi Mungu yuko katika stoo ile ya mabuti, karibu kuliko ile harufu ya ngozi. Nilitaka na mimi nijitoe hivyo, nisibakize hata chembe. Na pamoja na hilo, kwa kuwa moyo wa msichana wa miaka kumi na tisa una vyumba vingi, nilitaka nionekane nikijitoa. Niliimba vizuri. Aliyekuwa akiongoza sifa alikuwa anahamishwa kwenda Mbarara, na watu walishaanza kuniangalia mimi. Lakini Mzee Yokana alikuwa na sharti lake moja: hakuna anayesimama mbele kuongoza ibada kabla hajapita mezani na kumaliza yote.

Na mimi nilikuwa na langu. Mchana nilifanya kazi katika duka la vitenge Kansanga, na mwenye duka, mume wa mtu na baba wa watoto watano, alikuwa ameniweka chumba cha nyuma kuliko alivyoniweka kaunta. Sitamremba wala sitajiremba. Sikulazimishwa; nilipewa vitenge viwili na maneno mengi, nikaona nimependwa. Iliendelea miezi mitatu. Kisha bosi yule akaanza kukonda. Suruali zikamlegea, akawa anakohoa akipima kitambaa, na wateja wakawa wanatazamana. Wakati ule hakuna mtu aliyehitaji kuambiwa zaidi. Niliacha kula. Nililala nikijigusa shingo kutafuta uvimbe. Mama Aber aliniangalia siku nne bila kusema, siku ya tano akaniuliza huku akisugua sufuria, "Ni mtu wa duka?" Nikaitika kwa kichwa. Hakuniuliza la pili. Alikausha mikono kwenye leso yake na kusema, "Kesho hapana kwenda kazi. Twende Nsambya."

Tulikwenda kwa miguu, tukapanda kilima mpaka hospitali, tukakaa kwenye benchi refu pamoja na watu ambao wote walikuwa wakitazama sakafu. Walipoita jina langu nikashindwa kuinuka. Nikamwambia Mama Aber turudi nyumbani, afadhali nisijue. Basi akafungua mkoba wake, akatoa daftari lililofunikwa gazeti kama la mtoto wa shule, akaliweka mapajani pangu. Jina lake lilikuwa juu, na ndani tarehe za kuja hospitali, kurasa kwa kurasa. "Betty," akasema, kwa ile sauti ya chini, "mimi pia ni wa benchi hii. Huu mwaka wa tatu. Baba Aber yeye najua, na daktari najua, na sasa wewe. Kwani nimekufa? Si napika katogo kila asubuhi?" Nikamtazama. Kumbe ndiyo sababu ya zile Jumatatu alizosema anakwenda sokoni na kurudi na kapu jepesi. Akanisukuma kidogo mgongoni. "Enda. Ukirudi mimi niko hapa."

Nilikuwa salama. Nilipima mara ya pili baada ya miezi mitatu kama walivyoagiza, nikawa salama tena. Siku ile ya kwanza tulirudi tukicheka njia nzima, akaninunulia gonja, ndizi tamu ya kuchoma, tukala tukitembea, na nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu jambo linalofuata lilianza kesho yake asubuhi. Nilikuwa nachovya vikombe kwenye beseni, nikaona Mama Aber anakunywa chai yake kwa kile cha bluu, na mkono wangu ukakataa. Alipokiweka chini, nilikiosha peke yake, mara mbili, kwa sabuni, nikakisimamisha kando. Kesho yake vilevile. Hakuna aliyenifundisha, hospitali walikuwa wametueleza wazi kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kikombe wala sahani, na nilikuwa nimewasikia kwa masikio haya. Nilijua, na niliogopa tu. Siku ya tatu Mama Aber alikuja kuchukua chai, akakiona kikombe cha bluu kimekaa pembeni peke yake, akasimama kidogo. Kisha akakichukua, na tangu siku hiyo hakugusa kingine. Hakuniuliza. Akikimaliza, alikiosha mwenyewe.

Yalikuja majuma ya kujitoa, ambayo Mzee Yokana aliyaitisha kila mwaka kabla ya Pasaka. Alhamisi ile banda lilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Mama Aber alikuwa benchi la tatu, kitabu cha nyimbo mkononi, birika lake la chai kwenye jiko nje. Niliinuka na kwenda mbele. Nilikuwa nimefunga siku mbili, nimeomba, nimeapa: leo nasema duka, nasema mwenye duka, nasema vile vitenge viwili. Nikaweka viganja kwenye kitambaa cheupe. Nikainua macho, nikaona nyuso. Mke wa inspekta. Yule koplo. Vijana wawili wa kwaya ambao nilijua mmoja wao ananitaka kwa ndoa. Jambo langu likarudi ndani, na nikasikia mdomo wangu unasema jingine. "Nimemtendea dhambi dada yangu moyoni," nikasema. "Nalala kwake, nakula kwake, na tangu nilijua anaumwa ugonjwa gani, sigusi kikombe chake. Kile cha bluu. Nakitenga, nakiosha mara mbili. Naomba Bwana anisafishe hii woga." Nililia nikisema, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: hakuna neno la uongo katika niliyosema.

Banda lilinyamaza. Si ukimya wa kawaida wa ushuhuda, ule wa watu kukusanya pumzi kabla ya wimbo. Walikuwa wanahesabu. Niliona vichwa vinageuka taratibu kuelekea benchi la tatu, kisha kuelekea mlangoni, ambako vile vikombe kumi na viwili vilikuwa vimepangwa kwenye sinia vikingoja chai, cha bluu kikiwa katikati. Mzee Yokana alikohoa. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulimwokoa. "Kuna kitu imebaki?" akaniuliza. Nikasema, "Hakuna." Nikageuza viganja juu. Wakaimba, na Mama Aber aliimba nao, niliisikia sauti yake ya chini ikishikilia wimbo pale wengine walipotetereka. Wakaja kunikumbatia mmoja mmoja, wakiniambia nimekuwa jasiri. Yeye hakuna aliyemkumbatia. Chai ilipogawiwa, mke wa inspekta alisema amefunga, na baada yake, ajabu, banda zima lilikuwa limefunga.

Nyumbani alinipakulia chakula. Ilikuwa malakwang, yale majani machachu ya kwao yaliyoungwa karanga, pamoja na viazi vitamu, na nakumbuka uchachu wake kwa sababu sikuweza kumeza. Watoto walikuwa wakicheza nje, mlango uko wazi, jua bado halijazama vizuri. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimeandaa na majibu: kwamba niliungama dhambi yangu mimi, sikumsengenya mtu, kwamba Roho ndiye aliyenisukuma. Alikula kwa utulivu, akanawa, akaniuliza, "Ile ya duka ulisema?" Nikatikisa kichwa. "Kale," akasema, akaanza kukusanya sahani. Basi. Laiti angenipiga kofi, ningekuwa nimelisahau siku nyingi.

Asubuhi iliyofuata askari walikuja, maana njaa haina uongo, lakini watatu walikuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, wamevificha ndani ya koti. Jumatatu mmoja alimweleza Mama Aber kwa heshima nyingi kwamba daktari amemkataza matumbo. Baada ya wiki mbili sufuria la katogo lilirudi nyumbani limejaa nusu, na sisi tukala katogo asubuhi, mchana na jioni, mpaka Aber mdogo akalia akiiona. Aliyeendelea kuja bila kukosa alikuwa Hajati Zubeda, jirani yetu Mnubi, mjane wa askari, mwanamke mnene mwenye hina mpaka kwenye vifundo na maneno yasiyo na breki. Alibeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka pale mabenchi yalipokuwa matupu, mbele ya geti ambapo kila mtu anamwona, akapaza sauti: "Mama Aber! Leta chai. Kwa hiyo kikombe ya bluu, wacha hiyo ingine!" Akanywa kwa kuvuta, kelele tupu, huku akiwatazama askari wanaopita. Mama Aber alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa. Ndizo mara pekee nilizomwona akicheka miezi ile.

Siku moja Hajati alinikuta bombani. Alishusha jerikani yake, akaweka mikono kiunoni. "Wewe mtoto, nasikia ulitolea Mungu sadaka kule kwenu." Nikafungua bomba. "Sadaka mzuri. Lakini mbuzi ilikuwa ya jirani." Nikasema Hajati hawezi kuelewa, kwetu lazima mtu atembee nuruni. "Tembea," akasema. "Nani nakataza? Tembea na miguu yako. Sisi tunasema, kitu Mungu amefunika ya mtu, wewe hapana funua. Kama ni yako, haya, funua mpaka nguo iishe." Akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Yule mwanamke nakonda. Si ugonjwa. Ni nyinyi." Nilirudi na maji nimekasirika, nikijiambia huyu ni Mwislamu, anajua nini kuhusu kujitoa. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu alikuwa amenipata.

Mzee Yokana alikuja Jumapili moja mchana. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja nguo, na nadhani alijua nipo, ila wazee wa kambi walizoea kuzungumza kana kwamba pazia ni ukuta wa matofali. Alizunguka sana. Alisema ushirika unamwombea, kwamba mke wa inspekta amejitolea kupika chai ya Alhamisi kwa muda, ili Mama Aber apumzike. "Kupumzika," Mama Aber akasema. Kisha Mzee, na nilisikia aibu katika sauti yake, akauliza, "Lakini huyu Betty, hii maneno ya ugonjwa alijua wapi? Wewe ulimwambia? Kwa sababu gani?" Mkono wangu ukasimama juu ya nguo. Alichohitaji Mama Aber kusema ni sentensi moja: nilimpeleka kupima kwa sababu ya bwana wake wa dukani. Sentensi moja, na ya kweli, na ingehamisha macho ya kambi nzima kutoka kwake kuja kwangu. Nikasikia anaweka kitu mezani. "Aliona daftari yangu," akasema. "Niliacha vibaya. Kosa ni yangu." Mwanamke yule hakuwa mtu wa kusema uongo, hata wa kumbembeleza mtoto. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema kwa mzee wa kanisa, siku ya Jumapili, kwa ajili yangu.

Ningeweza kutoka. Pazia lilikuwa kitambaa tu. Nimefikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyofikiria jambo lingine lolote maishani, kuliko ndoa yangu, kuliko watoto. Hatua mbili, na viganja vyangu kwenye meza ile ya kulia chakula, na kila kitu kingekuwa kimetolewa. Niliendelea kukunja nguo. Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele na kuongoza ibada kwa mara ya kwanza, nikaimba kuhusu kujitoa kote bila kubakiza, na watu walilia, na nilikuwa na sauti nzuri sana siku hiyo.

Baba Aber alirudi kutoka Karamoja mwezi wa saba. Habari ilikuwa imemfikia huko kupitia redio za simu ambazo askari huzitumia kusengenyana. Yeye alijua ugonjwa wa mkewe siku zote. Kilichomshinda ni kwamba sasa na watu walijua, na kila aliyemsalimu alimpima kilo kwa macho. Alikula chakula cha mchana kimya, akasema ameomba uhamisho wa moja kwa moja na atakwenda peke yake. Nyumba ya kambi ni ya kazi ya mume. Baada ya wiki tatu Mama Aber alifunga sufuria na vikombe kwenye shuka, akahamia Kansanga na watoto, kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya gereji. Nilimsaidia kubeba. Mlangoni aliniambia chumba ni kidogo, hataweza kunilaza, na alilisema kama mtu anayeomba radhi. Mwisho wa mwaka nilikuwa nimeondoka kwenda Jinja. Aliendelea kuishi, akapata dawa, akapika katogo mahali ambapo hakuna aliyemjua, akasomesha. Nilimtembelea mara sita au saba katika miaka yote hiyo. Kila mara alinipa chai, kila mara nilikwenda nikiwa na maneno mdomoni, na kila mara niliyarudisha nyumbani.

Juzi basi nikafika Kansanga. Siku hizi hawapangi tena; ni nyumba yao ya vyumba vitatu, Aber aliijenga kwa kazi yake ya ualimu. Uani kulikuwa na turubai na viti vya plastiki, na ndani jeneza limefunikwa kitambaa cheupe, kitambaa cheupe kweli, nikalazimika kutazama pembeni. Nilimkuta Aber jikoni akikausha vikombe. Ana urefu wa mama yake, na sauti ileile. Nikafunga mlango, nikamwambia yote: duka, benchi, daftari, meza, pazia. Nililia. Aliendelea kukausha mpaka nikamaliza. "Nilijua kuna mtu alisema," akasema. "Mimi miaka yote nilifikiria ni Hajati Zubeda. Kwa sababu alikuwa nasema sana. Aunti, mimi nilikataa kusalimia yule mama mpaka akakufa. Alikuwa naniletea sukari guru, natupa." Aliweka kikombe chini taratibu sana. "Sasa wewe umepumzika?" Nikasema sijapumzika. "Ungepumzika tu," akasema, "kwa sababu mimi ndiyo umenipa nibebe. Leo. Hii siku." Nilikuwa nimefanya jambo lilelile, kwa machozi yaleyale. Nikamwuliza kama ataniondoa kwenye ratiba. Alifikiri. "Hapana. Simama. Lakini sema yako. Ya Mama, wacha alale nayo."

Waliponiita nikaenda mbele, karibu na jeneza. Mikono ikatafuta meza, hakukuwa na meza, nikaishika pamoja. Watu walishaanza kuvuta pumzi tayari kwa wimbo. Nikasema naitwa Betty. Nikasema mwaka niliokaa kwa mama huyu nilikuwa natembea na mume wa mtu, na nilisimama mbele za watu wa Mungu wakaniuliza kama kuna kitu kimebaki, nikasema hakuna, nikawaonyesha mikono mitupu. "Kilikuwa kimebaki hicho," nikasema. "Yeye alikijua. Kingemfaa kama angekisema. Hakukisema kwa mtu hata mmoja." Nilikuwa na zaidi, nikayaacha. Hakuna aliyeimba. Mama mmoja wa kanisa alinitazama kwa mdomo uliobanwa, mume wangu, niliyekuwa nimekuja naye, alikuwa akitazama viatu vyake, na mwongoza sala akapekua karatasi yake akitafuta jina linalofuata. Nikarudi kwenye kiti changu cha mwisho. Aber alitoka jikoni na sinia la chai, na juu yake, katikati ya vikombe vya udongo vya siku hizi, nikakiona kile cha bluu, kimebanduka karibu chote. Alinitazama kidogo, halafu akaanza kugawa kutoka upande wa pili. Nikakaa, mikono mapajani, nikingoja zamu yangu, bila kujua kama itafika.